Babu wa Dirishani

Kinyala kuna nyumba ya matofali yenye mabati yaliyoanza kushika kutu, ambamo watu wawili waliishi zaidi ya mwaka wakisikiana sauti kila siku bila kuruhusiwa kutazamana usoni. Si kwamba walikuwa wamegombana. Mmoja aliitwa Tusekile, mke wa Lutufyo. Wa pili alikuwa baba mkwe wake. Jina la mzee huyo Tusekile hakulitamka tangu aolewe, maana mkwe halitamki. Lakini sisi hatukuolewa pale, kwa hiyo tutamwita Mzee Hosea bila kumwogopa mtu.

Wanyakyusa huliita jambo hili ukutila. Mke wa mtoto humwogopa baba wa mumewe: hali naye, hakai naye chumba kimoja, hampi mkono, na akimwona anakuja kwenye njia ya migombani huchepuka, akajifunika kitenge usoni na kuchuchumaa mpaka mzee apite. Mjini Tukuyu wengi wameshalegeza. Utamkuta mkwe na baba mkwe wamekaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Lakini katika nyumba hii mlinzi wa mila alikuwa mama mkwe, Bibi Atupakisye, na huyo hakuzaliwa kulegeza kitu.

"Mimi baba yake mume wangu nilimwogopa miaka kumi na tisa, mpaka tukamzika," alipenda kumwambia Tusekile. "Sikumtazama hata siku moja. Ndiyo maana watoto wangu wote saba walikua wazima. Ukimtazama mkweo, anayelipa ni mtoto aliye tumboni."

Tusekile aliitikia, "Ndaga, mama," akaendelea kumenya ndizi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mimba yake ya kwanza. Lutufyo alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, akipiga simu siku ambazo mtandao ulimhurumia.

Mtoto alizaliwa mwezi wa sita, baridi ikiwa ya kutoa moshi mdomoni, wakamwita Lusungu. Wiki ya pili akafika Neema.

Neema alitoka Msasani ya Tukuyu kwa bodaboda, begani kaning'iniza mfuko wa vitabu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na yeye na wenzake wachache walikuwa wamekubaliana kwamba watoto wa Rungwe wasingoje darasa la kwanza ndipo waonane na kitabu. Wasomewe tangu wanapozaliwa. Vitabu vingine walivipata kwa michango, vingine vilishonwa kwa vitambaa na akina mama wa Ibighi: kuku wa kitenge, chungu cha kaniki, migomba ya khanga za kijani.

"Mtoto wa wiki mbili asomewe nini?" Bibi Atupakisye aliuliza. "Hata mama yake hajamjua vizuri."

"Sauti anaijua, bibi. Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu si samaki."

Neema alicheka, akamgeukia Tusekile. "Msomee kila siku, hata kama ni robo saa. Mweke kifuani, msogezee picha, ongea naye. Hakuna mtihani."

Tusekile alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, mwaka ambao mama yake alifariki, na kusoma kwake kulikuwa kwa kupapasa. Hata hivyo siku iliyofuata alikaa kitandani, mtoto kifuani, dirisha wazi, akaanza: "Mbu... zi... a... ka... kataa..."

Nje, chini ya dirisha hilo hilo, kuna benchi ambalo Mzee Hosea hukaa kila siku ikifika saa kumi. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa kupima majani ya chai, na Jumapili ndiye anayesoma somo kanisani. Mtu wa namna hiyo, ukisoma kwa kukwamakwama mbele yake, ni kama unamkanyaga kidonda. Alivumilia siku tatu. Ya nne akamwita mkewe.

"Mama Lutufyo! Mwambie mkweo anipe hicho kitabu."

Tusekile alikuwa hatua mbili kutoka kwake, ukuta tu katikati, na alisikia kila neno. Lakini alingoja mama mkwe azunguke nyumba, aingie, aseme, "Babu anataka kitabu." Ndipo alipokitoa, mama mkwe akazunguka nacho tena, akakiweka kwenye benchi, na mzee akakichukua. Kila kitu baina yao kilikwenda kwa njia hiyo: chumvi, salamu za Lutufyo, habari za msiba. Kama wangekuwa na ugomvi, nao ungepitia kwa Bibi Atupakisye.

Mzee Hosea akaegemeza mgongo ukutani, akasafisha koo, akasoma.

"Mbuzi akakataa kutoka nje kwa sababu ya mvua. Mwenye mbuzi akamwambia: Wewe, hapa ni Rungwe. Ukingoja mvua iishe utakufa na njaa."

Ndani, Tusekile aliuma ncha ya kitenge ili kicheko chake kisisikike.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila saa kumi babu alisoma nje, mama na mtoto wakasikiliza ndani, na mila ikabaki salama. Neema alipokuja kubadilisha vitabu akakuta hali hiyo, alisimama uani mkono mdomoni. Alisema hajapata kuona jambo kama lile, na kwamba lilimpendeza sana.

Vitabu vya watoto wadogo viliisha upesi, Neema akaleta vikubwa. Kilikuwepo kimoja kinene cha msichana aliyepanda na mto Kiwira kwenda kumtafuta kaka yake. Mzee Hosea alisoma sura moja kwa siku, na alikuwa na tabia mbaya ya kufunga kitabu mahali patamu. Kwa ajili ya sura hizo Tusekile alianza kuteka maji alfajiri, akafua mapema, akapika mapema, ili ikifika saa kumi asiwe na kazi mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kumsomea chochote maishani. Mama yake hakujua kusoma, baba yake hakuwa na muda, na shuleni walikuwa mia na kumi darasa moja. Muda ule wa jioni ulikuwa wake. Alikuwa na furaha, tuseme wazi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Lusungu naye alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano. Siku za kupima uzito zahanati, watoto wengine walipolia, wakashtuka, wakalizana, yeye alitulia kwenye khanga akitazama watu kwa macho makubwa. Neema alimwinua mbele ya akina mama wote.

"Mnaona? Huyu anasomewa kila siku."

"Ametulia sana, fijo," Bibi Atupakisye aliongeza kwa majivuno, yeye aliyesema mtoto si samaki.

Kisha ukaja mwezi wa kumi na moja. Siku moja mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka Bibi Atupakisye akaanza kuomba kwa sauti, na hakuna aliyemsikia. Lusungu alilala. Tusekile alijiambia mtoto amechoka. Siku ya tatu yake, akiwa jikoni, mfuniko wa sufuria ulimponyoka ukaanguka nyuma ya mtoto. Paka alitimka, kuku wakatimka. Lusungu aliendelea kunyonya ngumi yake.

Tusekile aliuokota mfuniko. Aliusogeza karibu na sikio la mtoto, nyuma, mahali asipoweza kuona, akaugonga kwa mwiko. Akaugonga tena kwa nguvu. Mtoto hakugeuka. Alipozunguka mbele, Lusungu alimwona, akacheka kwa ufizi wote, akanyoosha mikono abebwe.

Tusekile alikaa chini kwenye majivu. Kitu cha kwanza kilichomjia si hospitali. Kilimjia kile kilima chenye tope, mwezi wa nne, mimba ikiwa kubwa. Alikuwa anashuka na ndoo ya maji kichwani, akateleza, na mtu aliyekuwa akija nyuma akamdaka mkono kwa mikono yake miwili. Tusekile alipoinua macho alikuwa anamtazama baba mkwe wake usoni, karibu kabisa, mpaka akaona jicho la kushoto lina doa jeupe. "Pole, mwanangu," mzee alisema. Tusekile akajinasua akakimbia. Hakuna aliyewaona, na hakumwambia mtu.

Ukimtazama mkweo, anayelipa ni mtoto aliye tumboni. Sasa alijua mtoto amelipa nini, au alidhani anajua. Nasi tulio mbali tunaweza kumcheka, lakini yeye alikuwa pale peke yake na mfuniko mkononi. Akisema mtoto hasikii, wataulizana kwa nini. Wakiulizana, Bibi Atupakisye atamtazama mara moja tu, na yote yatamtoka.

Akanyamaza. Jioni hiyo babu akasoma kama kawaida.

Mwezi wa kumi na mbili Neema alikuja na karatasi ya maswali. Alikaa kwenye kitanda cha Tusekile, mtoto amelala. Dirisha lilikuwa wazi, na nje mzee alikuwa tayari kwenye benchi, akifunua kurasa.

"Anatabasamu akikuona?"

"Ndiyo."

"Anashika vitu?"

"Kila kitu. Hata nywele zangu."

"Akisikia sauti, anageuka?"

Nje, kurasa zilinyamaza. Halafu Mzee Hosea, ambaye hakuulizwa, alipaza sauti kuelekea jikoni: "Mama Lutufyo, mwambie mwalimu kwamba nikianza tu kusoma, mjukuu wangu hatoi hata mlio! Anasikiliza mpaka mwisho!"

Neema alicheka. Tusekile naye alijaribu kucheka.

"Anageuka," akasema.

Neema akaweka alama kwenye karatasi. Hapo ndipo Tusekile alipokosea, na hatumtetei. Aliulizwa swali jepesi na mtu aliyekuja kumsaidia, akasema uongo. Aliogopa, ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hii ilimtafuna zaidi baadaye: msichana wa kitabuni alikuwa amefika kwenye daraja la gogo, mto umejaa, na alikuwa hajavuka. Kama mtoto hasikii, nani angekaa nje kumsomea?

Habari zikaenea. Watu wakamwita mzee Babu wa Dirishani. Walikuja wageni kutoka Tukuyu, wakampiga picha kwa simu, yeye kavaa koti lake la kanisani juu ya kandambili. Wazee wengine wawili pale Kinyala waliona wivu, nao wakaburuta mabenchi mpaka kwenye madirisha ya wakwe zao. Mmoja wao hajui kusoma kabisa, akawa anasimulia kesi za mashamba za zamani, lakini alisimulia kila siku. Mzee Hosea, ambaye tangu astaafu alikuwa anaonekana kama mtu aliyesahauliwa kituoni, alianza kunyoa ndevu kila Jumamosi. Kila aliyefurahi alimwongezea Tusekile mzigo. Alikonda. Mama mkwe alidhani ni kunyonyesha, akampikia uji wa mbegu za maboga.

Usiku na mchana alijiambia atasema kesho. Alipigiwa simu na Lutufyo, akasema mtoto mzima. Alikwenda kanisani, akaomba mtoto aamke siku moja anasikia, akarudi akagonga mfuniko.

Mwezi wa tatu, siku ya kupima uzito, mvua ilinyesha tangu asubuhi na akina mama walibanana kwenye baraza la zahanati. Neema alikuwa na habari ya kuwaambia. Kuna mtoto Ibighi, alisema, mdogo kuliko Lusungu. Alipomuuliza mama yake lile swali la sauti, mama alisema hapana, hageuki, hata mlango ukibamizwa. Wiki ile ile wakampeleka Mbeya, akapimwa masikio. Hasikii. Basi wazazi wakaanza kufundishwa kuongea naye kwa mikono, na kusoma naye kwa mikono, kitabu mbele yake na uso wa mama mbele yake.

"Juzi nimemkuta anaomba maziwa," Neema alisema, akafumba na kufumbua kiganja hewani. "Hivi. Hana hata mwaka."

Mwanamke mmoja aliuliza, "Na kama mama yake angeficha?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, si ndivyo tunavyosema? Huyu asingekufa. Angekaa tu peke yake. Watu wamemzunguka, wanaongea, wanacheka, na hakuna hata mmoja anayeongea naye. Na daktari aliniambia mwaka wa kwanza ndio wa kupanda. Ukipita, unapanda nje ya msimu."

Neema hakumtazama Tusekile aliposema hayo. Hakuwa na sababu ya kumtazama. Kwenye karatasi yake Lusungu anageuka. Tusekile alimtazama mtoto mapajani. Lusungu alikuwa anatazama midomo ya Neema, kwa bidii, bila kupepesa, kama anavyotazama midomo ya kila mtu. Watu waliita huko kutulia. Tusekile akahesabu miezi: wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, na huu. Miezi yote hiyo yeye alikuwa anakula hadithi na mtoto ameketi na njaa kifuani pake.

Alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikimpiga.

Ilipofika saa kumi mvua ilikuwa imekatika. Mzee Hosea alipangusa benchi, akakaa, akasafisha koo. Tusekile alimsikia akifunua ukurasa. Akapiga moyo konde, akajifunga kitenge, akambeba Lusungu, akatoka mlango wa nyuma.

Bibi Atupakisye alikuwa anapepeta maharage. "Unakwenda wapi huko? Babu yuko huko."

Tusekile hakusimama. Alizunguka kona ya nyumba. Nyuma yake alisikia ungo ukianguka na maharage yakimwagika.

Mzee Hosea alipomwona aligeuza uso haraka kuelekea migombani, akainua kitabu kujikinga. "Mama Lutufyo," aliita kwa hofu, "mwambie mkweo arudi ndani."

"Baba," Tusekile alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mzee huyo. Akapiga hatua mbili, akamweka Lusungu mapajani pa mzee, mgongo wa mtoto ukimwelekea babu.

"Msomee."

"Nini hii?"

"Msomee, baba. Nakuomba."

Mzee alifungua kitabu. Akasoma sentensi moja, mdomo wake karibu na kisogo cha mtoto. Lusungu alikuwa anatazama jani la mgomba likidondosha maji. Akasoma ya pili, akapaza sauti, ile sauti ya Jumapili inayofika mpaka benchi la mwisho. Lusungu alishika kidole chake cha mguu, akakichezea. Mzee akaacha kusoma. Alikuwa mtu mwenye akili. Alikiinua kitabu kando ya sikio la mtoto, akakifunga pa! Kuku aliyekuwa chini ya benchi akatoka mbio. Lusungu hakugeuka. Ndipo mzee alipoinama polepole, akaleta uso wake mbele, na mtoto alipomwona akaruka kwa furaha, akamshika pua.

"Tangu lini?" Mzee Hosea aliuliza. Sasa alikuwa anamtazama mkwewe moja kwa moja.

"Nilijua mwezi wa kumi na moja."

"Mwalimu alipokuuliza, nilikuwa nimekaa hapa."

"Ndiyo, baba."

Bibi Atupakisye alikuwa amefika konani, amejishika kichwa. "Amekutazama! Nilisema mimi! Nilisema!"

"Alinitazama zamani, mwezi wa nne mwaka jana, kwenye tope," mzee alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyemshika asianguke. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumiwe mimi. Nyamaza sasa."

Bibi Atupakisye akanyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

Mzee alimgeuza mtoto, akamketisha wakitazamana. Lusungu alikuwa anafuata midomo yake, akingoja isogee. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa mwalimu Neema," alisema. "Wote. Halafu Mbeya." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.

Kisha akatazama dirisha lililokuwa juu ya kichwa chake, halafu kitabu kilichoanguka miguuni.

"Sasa miezi yote hii," aliuliza, "nilikuwa namsomea nani?"

Tusekile hakujifunika uso, na hakutazama chini.

"Mimi," akasema.